Kinyesi cha Pembe Nne

Mke wangu nilimpata kwa sababu ya kinyesi cha mnyama ambaye sijamwona mpaka leo, na nusura nimkose kwa sababu hiyo hiyo. Wanangu wanaona aibu nikisimulia habari hii. Waone tu. Bila kinyesi kile wasingekuwepo kuona aibu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita. Nilikuwa fundi cherehani Gitega, na kule mtaa wa Mushasha Mkongo mmoja wa Kivu ya Kusini, aliyekimbia vita vya kwao akaja kukuta vya kwetu, alikuwa amefungua chumba cha fotokopi chenye kompyuta tatu za intaneti. Siku ya kwanza nilikwenda kumwandikia binamu yangu aliyeko Ulaya. Barua ikaisha upesi, muda wangu bado. Nikaanza kubonyeza ovyo.

Hapo ndipo nilipopotea. Nilibonyeza neno moja nikajifunza kwamba konokono anaweza kulala miaka mitatu bila mtu kumgongea mlango. Nikabonyeza lingine nikawakuta Waingereza, watu wazima wenye akili zao, wanakimbiza jibini inayoporomoka mlimani. Wanavunjika miguu, na mwaka unaofuata wanarudi. Kurasa zilifunguka polepole, picha ikishuka mstari kwa mstari, nami nimeshika kidevu nikingoja kujua kama kinachokuja ni kichwa au mkia. Raha ile sijaipata kwingine. Redio ilituletea mauaji asubuhi na jioni, na kompyuta ya Mkongo ikaniletea konokono. Nikawa naenda kila Ijumaa baada ya swala, na suruali za watu zikawa zinanisubiri.

Ijumaa moja nikamkuta mnyama wa Australia, mnene, mwenye miguu mifupi na uso wa mtu aliyeamshwa vibaya. Kinyesi chake hutoka na pembe nne, kama vipande vya sabuni ya kufulia. Nilisoma mara mbili, kisha nikamwita Mkongo naye asome.

"Kaka," akasema, "Mungu alikuwa na wakati mingi kabisa."

Jumapili yake nilikuwa nakwenda Muyinga kuposa. Binti mwenyewe alikuwa amekaa kwa shangazi yake mtaani kwetu Gitega, akaniletea gauni la kupunguza. Nililipunguza mara tatu, ingawa lilimkaa vizuri tangu mara ya kwanza. Baba yake alikuwa na bucha Muyinga. Baba yangu mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wetu, na njiani aliniambia kazi yangu ni mbili tu, kuinamisha macho na kunywa fanta.

Baba mdogo alisema vizuri sana. Ukoo wetu wote ulipita pale sebuleni, hata watu wawili ambao mimi nilikuwa sijawahi kuwasikia. Chakula kikaletwa, bugali na matumbo ya mbuzi. Ndipo mzee mwenye bucha, kwa wema wake, akanigeukia.

"Na we kijana, sauti yako hatujasikia. Kazi ikiisha, unapendaga nini?"

Ningeweza kusema mpira. Nikamweleza habari za yule mnyama, matumbo yakiwa mbele yetu, na ili aelewe vizuri nikachukua tonge la bugali nikalifinya mpaka likapata pembe. Baba mdogo alifumba macho.

Mzee alilitazama lile tonge kwa muda mrefu. "Mi nafungua matumbo toka ujana," akasema. "Ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo. Utumbo ni muviringo, kijana. Muviringo haiwezi kutoa pembe."

"Iko kwa intaneti, baba."

"Intaneti ni mutoto ya nani?"

Nikalirudisha tonge sahanini.

"Bon," akasema. "Mutoto yangu siwezi kumupa mutu mwenye kudanganya na hakuna hata mwenye kumuuliza. Leta karatasi. Nikiona karatasi, tutaongea."

Nilirudi Gitega na hasira hadi kooni. Miaka ile mtu akisema neno baya lolote sokoni, kufikia adhuhuri mji mzima umeliamini na nusu yake wamefunga mizigo. Hakuna aliyeomba karatasi. Habari moja tu ya kuchekesha ikafika Muyinga, na hiyo ndiyo iliyotakiwa ushahidi.

Na ukurasa wenyewe sikuuona tena. Jina la mnyama nilikuwa nimelisoma na kulisahau palepale. Niliandika kwa Kifaransa, mnyama, kinyesi, pembe nne, nikaletewa mafundi wa vigae na masomo ya hesabu. Ijumaa ya pili nikamkuta samaki anayepanda miti, nikakaa naye mpaka muda ukaisha. Posa yangu inaning'inia, nami niko na samaki. Nilijichukia, lakini alikuwa samaki mzuri.

Kisha dereva wa lori akaniletea barua ya binti kutoka Muyinga. "Kila siku baba anauliza kinyesi kiko wapi," aliandika. "Naona haya kukuandikia hivi. Lakini fanya haraka, kuna mfanyabiashara wa chumvi ameanza kuja kunywa chai hapa, na baba anamsifu kwamba haongei."

Niliipeleka barua ile kwa Mkongo nikiwa karibu kulia. Akaisoma, akanitazama kama anayemtazama mjinga.

"Mais kaka, sababu gani hukuniuliza? Mi niliandikaga jina, nipate kuwahadisia watu wa kanisa." Akafungua daftari lake. Wombati. Dakika kumi baadaye karatasi ilikuwa mkononi mwangu, bado ya moto.

Nilipanda lori kwa njia ya Mutaho na Ngozi, karatasi kwenye mfuko wa shati. Tulipofika bariyeri ya kuingia Muyinga, wanajeshi wakatushusha na kutupekua. Mmoja akaifungua karatasi. Picha ilikuwa imetoka nyeusi, na vile vinyesi vilionekana kama nyumba zilizopangwa.

"Hii ni ramani ya wapi?"

Niliogopa sana. Watu walipotea miaka ile kwa vitu vidogo kuliko karatasi. Nikamweleza polepole, neno kwa neno, sijawahi kueleza kitu kwa uangalifu kama siku ile. Akasoma, akanitazama, akasoma tena, akaita wenzake. Walicheka mpaka mmoja akaegemea lori.

"Enda," akaniambia. "Hii inabaki."

Na mwenye bunduki akisema kitu kinabaki, kinabaki.

Nilimkuta mzee buchani anakata nyama. Hakuinua uso.

"Karatasi iko wapi?"

"Wanajeshi wameichukua, baba."

Nilijisikia nikisema maneno yale, na hata mimi sikujiamini. Mzee akaendelea kukata. Sikuwa na pa kwenda, basi nikakaa kwenye benchi la wateja, nikaamua nitakaa hapo mpaka anifukuze.

Alasiri akaja mwanajeshi kununua maini. Alikuwa yule yule. Hata salamu hakutoa.

"Muzee, we ndiye unajua matumbo," akasema, akitoa karatasi mfukoni. "Hebu ona hii."

Mzee alifuta mikono kwenye aproni. Akasoma midomo ikicheza, akapima picha kwa ukucha, pembe hii na pembe ile. Akauliza imetoka wapi. Mwanajeshi akanionyesha kwa kidevu, akachukua maini yake na karatasi yake, akaenda.

Mzee akaja akaketi kando yangu.

"Mutoto yangu wa kwanza," akasema, "walimuambia barabara ya Ngozi iko salama. Ni mutu tu alisema, hapa hapa. Mutoto akaenda, hakurudi."

Sikuwa nimeambiwa. Hasira yangu yote ya majuma yale ikanigeukia mwenyewe, nikaona haya.

"Huyu sasa utamupeleka Gitega," akasema. "Siku barabara iko mubaya, umuambie iko mubaya. Hata kama mi niko nawangoja na chakula."

"Ndiyo, baba."

Mwaka ule wa kwanza wa ndoa barabara ilikuwa mbaya mara nyingi, na tulimtembelea mara moja tu.