Usingizi Wangu Kwenye Kikao cha Ushuru wa Alumini

Ngoja niitoe aibu yenyewe mwanzoni, mnicheke mara moja yaishe: mimi, Hajji Musa, ninayewafokea vijana wakipiga miayo kazini, nililala mbele ya serikali. Tena si kulala tu, maana kulala hata mawaziri wanalala. Nililala nikaota, nikaota nikasema, na nilichosema kikapigiwa makofi.

Mimi ni mtu wa sufuria. Shule niliishia darasa la pili, kule Mpumudde, Jinja, nilikozaliwa, na sioni haya kulisema kwa sababu nyumba ninayolala, watoto waliosoma na safari ya Makka, vyote vimetoka kwenye nyundo yangu na si kwenye kalamu ya mtu. Karakana yetu iko Mbale, upande wa viwanda, mafundi wengi chini ya paa moja, kila mtu anapiga shiti yake ya alumini, na mgeni akiingia huziba masikio akatafuta mlango. Mimi kelele ile ndiyo macho yangu. Nyundo zikilia niko imara kama askari wa zamu, zikinyamaza tu kichwa kinaanza kuwa kizito. Mafundi wa sufuria wazee tuko hivyo (muulizeni mke wangu, Mama Zaina, atawaambia kwamba harusi ya binti yetu nilikuwa macho muda wote wa ngoma, sheikh alipoanza dua nikachukuliwa na usingizi).

Basi ikaja habari ya ushuru. Shiti tunazotumia zinatoka nje, na ni rahisi. Kiwanda kimoja cha Jinja, jina lake silitaji, kikalalamika kwamba ni rahisi hivyo kwa sababu serikali ya huko zinakotoka inawashika mkono wenye viwanda, inawapa umeme karibu na bure, inawasamehe hiki na kile, kwa hiyo na sisi tuweke ushuru wa ziada mpakani ili ule msaada wa huko ufutwe huku, bei zilingane. Kwa maneno hakuna ubaya. Ila shiti ya kiwanda kile ni ya kuezekea nyumba, ngumu. Ukitaka kuipa tumbo la sufuria inapasuka pembeni kama chapati ya juzi. Ile ya nje ni laini, inakutii. Ushuru ukiwekwa bila kutusamehe sisi, karakana inafungwa, basi, hakuna hadithi nyingine. Serikali ikaita kikao Jinja, siku mbili, kila mwenye neno aje aseme, na mafundi wakanituma mimi, mwenyekiti wao, niende nikaseme hapana.

Asubuhi ya kuondoka akanijia Afande Okello. Huyu ni askari magereza mstaafu, mtu wa kaskazini, ndiye anayetukatia shiti, na ananijua.

"Hajji, twende wawili," akasema. "Huko watu wanaongea polepole."

"Afande, mimi enzi za wanajeshi walitaka sufuria zangu bure nikabaki nazo. Leo nishikwe mkono kama bibi harusi?"

"Sijasema kushikwa mkono. Nimesema kupigwa kiwiko."

"Baki ukate shiti," nikamwambia. Hapo ndipo yote yalipoanzia, kwenye hayo maneno matatu.

Nikaenda peke yangu, kanzu safi, koti, na sufuria kubwa ya pilau niliyoipiga kwa mkono wangu ili waione. Ukumbi ulikuwa karibu na mto. Zulia chini, madirisha yamefungwa, na mashine ya baridi isiyotoa sauti hata kidogo. Nikakaa, sufuria katikati ya miguu. Mtaalamu wa kiwanda akasimama na sauti yake kama mtu anayebembeleza mtoto, asilimia hii, asilimia ile, na kwa kuwa Kiingereza changu ni cha sokoni tu nilikuwa nimeomba Kiswahili, basi akaja mkalimani akainama sikioni kwangu akawa ananinong'oneza, taratibu, taratibu, huku karatasi zikifunuliwa huko mbele kama majani ya mgomba yanayoguswa na upepo. Jamani. Hata wewe ungefika mwisho ukiwa macho?

Nikaona Nile. Nikaona shiti zinakuja juu ya maji, nyeupe, nyembamba kama utando wa maziwa, kila moja imebeba jua lake dogo, na chini yake samaki wanapita bila haraka. Hazikugongana, hazikulia. Zikafika pale mto unapoanza, na badala ya kushuka zikapanda nchi kavu, zikaja mpaka Busiu, karibu na kwetu Mbale, zikajilaza juu ya mahindi na ndizi na mahindi yakawa yanang'aa hata nikataka kulia kwa uzuri wake. Na ukingoni amekaa mama yangu, aliyefariki zamani, anasugua kwa majivu sufuria yangu ya kwanza kabisa, ile iliyopinda.

"Musa, umelala?" akaniuliza bila kuinua uso.

"Sijalala, mama."

Shiti zikamfika miguuni. Zikamfika magotini. Yeye anasugua tu, anatabasamu, na nuru inampanda kifuani, na mimi miguu haitoki. Ndipo nikapiga kelele, kwa sauti yangu ya karakana, ile ya kushinda nyundo:

"Zuieni shiti! Zuieni, zinatufunika!"

Nikafungua macho, ukumbi mzima unapiga makofi.

Kumbe ndiyo maneno yaleyale kiwanda kilikuwa kinayatafuta asubuhi nzima, na wao waliyasema kwa asilimia, mimi nimeyasema kwa machozi (machozi yalikuwepo, nilishika shavu nikayakuta). Mama mwenyekiti wa kikao akaegemea mbele, akatumia Kiswahili kwa heshima yangu.

"Mzee wetu kutoka Mbale ana uchungu. Kwa hiyo Hajji, unaunga mkono ushuru?"

Neno moja tu lilihitajika pale: nililala. Neno jepesi, hata mtoto analiweza. Lakini mkurugenzi wa kiwanda alikuwa ameshasimama kuja kunipa mkono, watu wa redio wameshanisogezea kipaza sauti, na mimi Musa wa darasa la pili sijawahi kuonwa na wasomi wengi namna ile wakininyamazia. Nikakohoa. Nikamwita nyabo, yaani bibi mheshimiwa, nikasema, "Nyabo, nilichosema nimekisema." Ningeishia hapo kidogo ingekuwa nafuu, lakini ulimi ulikuwa bado uko ndotoni, nikaendelea, nikawaeleza mto uliojaa shiti, nikawaeleza mama ukingoni, na mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akatoa leso akafuta macho. Tukapigwa picha, mimi, mkurugenzi na sufuria yangu.

Redio ilifika Mbale kabla yangu. Nilipokanyaga tu karakana, nyundo moja ikanyamaza, halafu ya jirani yake, halafu zote. Katikati amesimama Nambozo, mama anayeuza sufuria zetu sokoni, mikono kiunoni.

"Hajji, wamekununua?"

"Mimi? Mimi si mtu wa kununuliwa!"

"Basi tueleze. Tunakusikiliza."

Na kweli wakasikiliza. Karakana ile, ambayo sijawahi kuisikia kimya mchana wa kazi, ikawa kimya kama msikiti baada ya swala. Vumbi likawa linaelea kwenye mwanga wa jioni. Nikatafuta neno la kuanzia, nikalitafuta mbali kidogo, nikaona kama maji, kama kitu cheupe kinakuja juu ya maji...

"Mwangalieni!" Afande Okello akapasua kicheko. "Mwangalieni kichwa! Jamani, huyu hakununuliwa. Huyu alilala!"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nambozo peke yake hakucheka.

"Kesho unarudi Jinja ukaseme hivyohivyo."

"Niseme nililala? Mbele ya wale watu wote?"

"Chagua mwenyewe. Uitwe msinziaji, au uitwe mla rushwa. Sisi watoto wetu hawali heshima yako."

Usiku ule usingizi, ambao mchana haukuniacha, uligoma kabisa kuja.

Siku ya pili tulikwenda wawili, mimi na Afande, na ile sufuria. Niliposimama mkurugenzi alinitabasamulia, na nilipotamka, "Nyabo, jana nilikuwa nimelala, yale yalikuwa maneno ya ndoto," tabasamu lake lilishuka polepole kama pazia, halafu kicheko kikaanzia nyuma kikaja mpaka mbele, hata mkalimani akageukia ukuta. Nilisimama katikati ya kile kicheko, jasho linanitoka kwenye baridi ya mashine. Mama mwenyekiti akangoja kiishe.

"Na leo, Hajji, uko macho?"

Afande Okello akatoa nyundo ndogo mfukoni akaigonga ile sufuria mara moja, ukumbi mzima ukaruka.

"Yuko macho, nyabo," akasema.

Nikawaeleza basi habari ya shiti ngumu na shiti laini, kwamba wakitaka ushuru wauweke, lakini ile laini ya sufuria waiache nje ya ushuru, kwa maana hapa nyumbani hakuna anayeitengeneza. Waliandika. Mpaka leo bado wanafikiria, na sisi bado tunagonga. Nikipita Busiu vijana wa boda boda wananipigia kelele, "Zuieni shiti, Hajji!", na mimi nawapungia mkono, nitafanya nini?

Nimeapa: sitaingia tena mahali penye kimya bila Afande ubavuni, awe na kiwiko chake. Na mama yangu bado ananijia, palepale ukingoni, na majivu yake na sufuria iliyopinda, nyuma yake mto wote unang'aa. Bado ananiuliza kama nimelala. Siku hizi namjibu, "Ndiyo mama, nimelala," naye anasogea kidogo, ananipa nafasi ya kukaa.