Mkunga wa Kutajisha

Wakati wa Mwingereza, kwetu Salale, kwenye visiwa vya delta, mwanamke hakujichagulia mkunga wa mimba yake ya kwanza. Mama mkwe ndiye aliyechagua. Mimi nilimtaka bibi mmoja wa ng'ambo ya mto, mpole, aliyewazalisha dada zangu wote. Mama mkwe akasema huyo ni wa kubembeleza wanawake, akaniletea mkunga wa kutajisha.

Huyo alijulikana visiwa vyote. Kwake, uchungu ukichelewa maana yake mwanamke ametoka nje ya ndoa, na mtoto hazaliwi mpaka mwanamume atajwe. Mama mkwe hakunipenda tangu siku ya harusi, na alitaka kulisikia jina. Nilijua hivyo, naye alijua kuwa najua.

Uchungu ulianza alfajiri. Adhuhuri ikapita, mtoto yuko palepale. Mkunga akanawa mikono, akakaa mkekani, akaikunja mapajani.

"Taja," akaniambia.

"Sina wa kumtaja, bibi."

"Basi kaa naye tumboni. Mimi sina haraka."

Mama mkwe alikuwa ameketi kichwani kwangu, anatafuna tambuu. Hata maji hakunipa. Nikaelewa kwamba hawa wawili wataniacha nife huku wananitazama, nikashikwa na hasira kali kuliko ule uchungu wenyewe. Nikitaja aliye hai, atapigwa bure. Nikamtaja shemeji yangu, mwana wa kwanza wa mama mkwe, kipenzi chake, aliyezama na mashua ya kubeba boriti za mikoko njiani kwenda Nyamisati miezi sita kabla. Hakuwahi kunigusa, wala kunitazama vibaya.

Tambuu ikamkwama kooni. Mkunga akasogea, akaanza kazi, na jua halijatua nikapata binti. Mama mkwe akamwapisha mkunga asifungue kinywa. Mume wangu hakujua mpaka anaingia kaburini.

Nilingoja kisasi. Badala yake mama mkwe akampenda yule mtoto kupita kiasi, maana shemeji hakuacha mtoto. Kamba wanono, minofu isiyo na miiba, vyote vilikwenda kwa binti yangu. Bibi yake ndiye aliyemwogesha, na kwake ndiko alikolala. Nilinyamaza miaka minne, nikafaidi.

Mimba ya pili ilipofika miezi minane, mama mkwe alinifuata jikoni, mjukuu kambeba mgongoni.

"Mwanangu, safari hii nitamfuata mwenyewe yule bibi wa ng'ambo unayemtaka. Ila niambie kweli. Huyu ni wa marehemu?"

Aliuliza kwa unyenyekevu, macho yamemjaa maji. Ningesema ndiyo, na neno lingeishia hapo. Lakini nilikumbuka mdomo ule ukitafuna huku mimi nakufa.

"Nilimsingizia, mama, ili mnizalishe. Marehemu hakuacha kitu."

Nilisikia raha kuyasema hayo, sitadanganya. Akamteremsha mtoto mgongoni taratibu, akafunga upya kanga yake, akatoka.

Mwezi ule uliobaki hakubadilika kwa mtoto, na ahadi yake aliitimiza. Alimleta bibi wa ng'ambo kwa mtumbwi, nikajifungua salama, nikapewa maji kila nilipoomba. Jioni ile binti yangu akaenda kulala kwa bibi yake kama kawaida. Nilimsikia akibisha hodi, akiita, akibisha tena. Mlango haukufunguliwa. Akarudi kuniuliza amekosa nini, nami nikamwambia anyamaze, mdogo wake amelala.