Walisema mahindi yangu ndiyo yaliua mtoto

Admin nifiche vizuri, kwa sababu majirani wa hapa mtaani Yamumbi wote wako kwa hii page, kwanza wale wa chama chetu cha akina mama. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nauza samaki wadogo wa omena na mboga, niko na bwana na watoto watatu wakubwa. Shule niliachia class five, makaratasi za hospitali hunishinda. Lakini kuongea Mungu alinipatia yote. Mtu akitaka kuhama mtaa wa West Indies mimi hujua kabla landlord ajue. Sasa leo story ni yangu mwenyewe.

Nyumbani ni upande wa ziwa. Huko bibi ya kijana hawezi kupanda mahindi kabla mama mkwe apande. Nilikuwa nimeolewa tu juzi juzi, niko na mtoto mmoja, Atieno. Mvua ikanyesha, nikaona mbegu itaniozea kwa nyumba, nikapanda laini mbili nyuma ya jikoni. Mbili tu. Mwaka huo Atieno akaanza kuugua. Vidole zinafura, analia mifupa, macho zinakuwa njano. Akaenda akiwa na miaka minne. Mama mkwe akasimama mbele ya watu akasema, "Hii ni chira. Huyu amevunja mila, ametangulia mimi shambani, na ndio hiyo imemaliza mtoto." Nikaamini. Bwanangu alikuwa amekaa hapo kwa kiti anaangalia viatu zake.

Tukahamia Eldoret. Miaka ishirini na nane sijakanyaga huko msimu wa kupanda. Nikipika, mama mkwe haonji. Nilizoea, nikawa nacheka tu.

Sasa huu mwaka mtoto wa kijana yangu, ako na miaka mitatu, akaanza vile vile. Vidole, macho. Na mimi badala ya kushtuka nikatafuta mtu wa kubebesha lawama. Bibi ya kijana yangu, nimuite Mercy, pia ni wa ziwa, na nilikuwa nimesikia dada yake ako na mtoto mgonjwa. Nikaenda chama nikawaambia, "Hii kitu amekuja nayo kutoka kwao. Sisi hatuna damu ya hivyo." Nikapigia hata mama mkwe. Siku hiyo ndio aliniita mwanangu, mara ya kwanza, na nitasema ukweli, nilifurahi.

Kijana na Mercy wakaitwa kliniki na mtoto, mimi nikafuata, sikutaka story inipite. Nesi akasema ni sickle cell. Nikamwambia, "Si uwaambie imetoka kwa nani." Akacheka kidogo. "Mama, hii haitoki upande mmoja. Kila mtu ako na maagizo mawili ya kutengeneza damu, moja ya mama yake, moja ya baba yake. Ukiwa na moja mbaya, ile nzuri inakubeba, unatembea mzima na hujui. Mtoto akipokea mbaya kwa mama na mbaya kwa baba, hapo damu inajikunja kama mundu, ndio anaugua."

"Kwa hivyo kijana yangu naye ametoa?"

"Nusu ni yake."

"Na yeye aliitoa wapi?"

Akaniangalia. "Mama, wewe na mzee mlishawahi kupoteza mtoto?"

Nikapimwa. Niko nayo moja. Nesi akasema vile namwelezea Atieno, inaonekana alikuwa na hii hii, na kama ni hivyo baba yake pia lazima anayo. Jameni, nilitoka hapo nikicheka na machozi yanatoka, watu wakidhani nimerukwa na akili. Haikuwa mahindi. Nilikimbia kumwambia mzee kama mtu ameshinda kesi.

Nilimpata anakula lunch. Nikamwaga yote. Hakushtuka. Akasukuma sahani akasema, "Hiyo najua."

"Kutoka lini?"

"Daktari aliniita kando, Atieno akiwa wodi. Wewe ulikuwa unafua nguo zake. Akasema ni damu yetu wawili."

"Na ukanyamaza mama yako akinisimamisha mbele ya watu?"

"Dada zangu walikuwa hawajaolewa, mama Atieno. Watu wangesikia kwetu kuna damu mbaya, nani angewachukua? Wewe ulikuwa umeshaolewa tayari."

Hajaniita hiyo jina tangu tuzike. Umeshaolewa tayari. Nilizaa wengine watatu, kila mimba nikiomba Mungu anisamehe mahindi, na huyu mtu amelala kando yangu akijua kila mtoto akitoka mzima ni bahati tu. Kijana akaoa, bado amenyamaza. Hakuwaambia hata wapimwe.

Sasa mama mkwe ameita Mercy nyumbani Jumamosi, anywe manyasi, zile dawa za majani za kutoa chira, mbele ya ukoo wote. Mimi ndio nilipeleka hiyo maneno, msiniambie, najua. Mercy amesema akilazimishwa kunywa atarudi kwao na mtoto, na mtoto ako na dawa ya kila siku na kliniki ni hapa. Mzee anasema, "Wacha anywe, majani haiui mtu. Mama ako na pressure, ukimwambia hii maneno na umri wake utamuua, na utabeba wewe."

Jana Mercy alikuja mahali nauzia. Akaniuliza polepole, "Mama, nesi si alituambia sisi wote tukiwa pale? Mbona unanyamaza?" Nikajifanya nachambua omena.

Nikisimama Jumamosi nimtaje mzee mbele ya mama yake na ndugu zake, sina nyumba, na yule mama hataniita mwanangu tena. Nikikaa, nitakuwa nimekaa kwa kiti naangalia viatu kama yeye. Wale mnataka kunitukana nitukaneni, comments nasoma zote. Lakini mkimaliza mnishauri, mimi nifanye nini, na huyu mzee bado ananiuliza chai iko wapi?