Mpaka Mezani

Wanawake wa Makere walimtambua Immakulata kwa miguu yake. Aliolewa akitokea Murungu, upande wa Kibondo, akiwa binti asiyejua viatu, na hata mwanawe Crispin alipopata ualimu na kumnunulia malapa, aliendelea kuingia shambani peku. Alisema hataki plastiki imtenge na udongo wake.

Alikuwa mjane. Mumewe, Tharsisi, alimwachia nyumba ya bati, meza ya mninga aliyoichonga mwenyewe, na shamba linaloteremka kuelekea kijitoni. Jeneza la Tharsisi liliwekwa juu ya meza hiyo, na tangu siku ile hakuna aliyekula juu yake. Ilisukumwa ukutani, ikawa ya kuwekea ndoo.

Shamba ndilo lililomkondesha. Upande wa chini alipakana na shemeji yake Leonidasi, mdogo wa Tharsisi. Kati yao ilisimama mimea mitatu mirefu, ile ambayo Wachaga huiita masale, yenye majani membamba yaliyochongoka. Watu wa Makere huiita tu mpaka, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Baba yao alipowagawia ardhi, aliwaambia ndugu hao washike shina moja kwa pamoja, huyu juu, huyu chini, walipande, kisha wale pamoja mbele ya majirani. Aliyeshika shina mbele ya watu alikuwa amekubali, na hakuna karatasi iliyoandikwa.

Tharsisi alipofariki, Leonidasi alianza kulima akipanda na mteremko, tuta baada ya tuta, hadi maharage yake yakaigusa mimea ile. Akasema mpaka wa kweli uko juu zaidi, karibu na choo cha mjane. Kuing'oa hakuthubutu. Mtu akiamka na kukuta mpaka umeng'olewa, kijiji kizima kingejua ni mkono wa nani. Shauri lilifika baraza la kata, na wazee wa baraza wakasema watakuja kutazama kwa macho yao Noeli ikishapita. Hiyo ilikuwa Noeli ya mwaka 2013. Immakulata hakuwa na ushahidi mwingine ila mimea mitatu.

Katika hali hiyo ndipo Crispin alipomleta mkewe kutoka Kibondo kwa mara ya kwanza. Aliitwa Herieth, muuguzi, mzaliwa wa Rombo. Walikuwa wamefunga ndoa upesi huko kazini, tumbo likiwa limeanza kuonekana, bila mama kuitwa. Immakulata alimpokea kwa adabu na kwa maneno machache. Usiku wa kwanza alimpa blanketi zuri kuliko lake, akaenda kulala bila kumtazama usoni.

Asubuhi ya Noeli Herieth hakwenda misani. Miguu ilikuwa imemvimba. Alimkuta mkwewe mlangoni akijifunga kitenge.

"Mama, naomba nikakate majani huko chini, nipambe meza."

"Kata tu, mwanangu," Immakulata alijibu, akili yake ikiwa kanisani, ambako angekutana na Leonidasi. "Mvua imeyaleta mengi."

Misa ilikuwa ndefu. Njiani kurudi mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye migomba. Immakulata alitangulia na Crispin. Nyuma yao alikuja Bazilio, katekista, ambaye ndiye aliyemsihi amwalike shemeji yake kwa chakula cha mchana, na nyuma ya Bazilio akaja Leonidasi mwenyewe, akipiga mluzi.

Meza ilikuwa imevutwa katikati ya chumba. Herieth alikuwa ameiosha hadi mninga ukarudisha wekundu wake, akatandika jani zima la mgomba. Pembezoni alipanga majani ya mtoni yenye ncha zinazojikunja, maganda ya maharage mabichi, maembe yaliyoanza kuiva, na yale maua mekundu yenye kingo za njano yanayotambaa vichakani mvua zikishika. Ilikuwa meza ya kupendeza. Immakulata aliitazama, na kwa kitambo kidogo hakuona jeneza.

Kisha akaona chungu kilichokuwa katikati. Ndani yake yalisimama mashina matatu ya mpaka, yamekatwa chini kabisa, utomvu haujakauka.

Nje, Leonidasi alikuwa ananawa. Maji yalisikika yakimwagika kwenye beseni. Immakulata alijilazimisha kwenda mezani, akakikumbatia chungu akitaka kukipeleka chumba cha ndani.

"Mama, hayo usiyaondoe," Herieth alisema akitabasamu. "Hayo ndiyo yenyewe. Nimeyatafuta kweli."

"Nyamaza," alisema Immakulata kwa sauti ya chini. "Crispin, simama mlangoni."

Lakini Leonidasi alikuwa ameshaingia. Alitazama chungu, akamtazama shemeji yake aliyekikumbatia, akaenda dirishani na kuangalia chini shambani. Aliporudi alikuwa anacheka.

"Shemeji, leo tunakula wali au tunakula mpaka?"

Akamgeukia Bazilio.

"Mimi sijagusa kitu, katekista shahidi. Wamekata wenyewe. Baraza wakija wataona maharage yangu tu, basi, tumemaliza." Akavuta kiti. "Ahsante, mkamwana. Umenipunguzia kazi."

"Baba mdogo, chunga mdomo," Crispin alisema, na mkono wake ulikuwa umeshika mgongo wa kiti hicho.

"La sivyo? Utanipiga Noeli, mwalimu?"

Herieth alimtazama mumewe, kisha chungu, kisha uso wa mkwewe, na rangi ikamtoka. Aliuelewa uharibifu wake kabla ya mtu kumweleza. Alichomoa jani moja. Lilikuwa limeshafungwa fundo tangu asubuhi. Akapiga magoti kwa shida mbele ya Immakulata, akalishika kwa mikono miwili.

"Nililifunga kwa ajili yako, mama. Kwetu mtu akikupa sale, hata kama amekuua, unamsamehe. Nilitaka kukuomba msamaha kwa ndoa yetu. Sasa sijui niombe msamaha wa lipi."

Immakulata alikitua chungu. Aliangalia tumbo la yule binti, magoti yake juu ya sakafu, na mikono ile iliyonyooshwa. Mvua ilianza kugonga bati, kwanza tone moja moja. Leonidasi alichukua embe akalinusa.

Ndipo Immakulata alipolipokea jani, akalichomeka kifuani, ndani ya kitenge.

"Mimi nimekusamehe yote mawili," alisema. "Lakini aliyekosewa si mimi peke yangu. Baba yenu mdogo ndiye jirani wa huo mpaka." Akachomoa shina moja zima, refu, akamwekea Herieth mikononi. "Mpelekee hili. Muombe kama ulivyoniomba mimi."

Herieth aligeuka pale pale kwa magoti. "Baba mdogo, nisamehe."

Leonidasi alikunja uso. Mkamwana mjamzito alikuwa chini mbele yake, siku ya Noeli, katekista akitazama. Aliweka embe mezani, akanyoosha mkono, akashika shina kwa juu.

"Haya, nimesikia. Inuka, utaumia."

Kabla hajaliachia, Immakulata alikwishalishika kwa chini.

Mvua ilikuwa imeshika bati lote. Wawili hao walitazamana, shina likiwa kati yao. Leonidasi aliuona mkono wa shemeji yake, akauona wake, na kicheko kikamwisha.

"Hii ni hila, shemeji."

"Basi achia," alisema Immakulata. "Umkatalie mtoto aliyepiga magoti. Tuko hapa, tunaona."

Bazilio alikohoa. "Leonidasi, ulilishika hivyo hivyo na marehemu. Mimi nilikuwepo, nilikuwa kijana. Tulikula mbuzi."

Vidole vya Leonidasi vililegea kidogo. Immakulata aliona vikilegea. Kisha vikafunga tena.

"Twendeni basi," alisema kwa hasira, "kabla sijabadilisha mawazo."

Waliteremka kwenye mvua, wote, Herieth akishikwa mkono na Crispin. Visiki vitatu vilionekana wazi majanini, vyeupe. Leonidasi alichimba kwa jembe la Crispin kando ya kisiki cha kwanza, akalisimamisha shina, wakalishika wote wawili huku akishindilia udongo kwa kisigino. Mengine mawili wakayafanya vivyo hivyo, hapo hapo yalipokuwa. Hakumtazama mtu.

Waliporudi, meza ilikuwa kama walivyoiacha, chungu kikiwa kitupu katikati ya maua. Leonidasi alisimama mlangoni, mikono imejaa tope, kana kwamba hajui aingie au aende zake. Immakulata alichukua kopo, akachota maji ndooni, akammiminia yeye mwenyewe.

"Wali umepoa," alisema Leonidasi.

"Utapashwa," alijibu Immakulata. Akamgeukia Herieth, akamwita kwa Kiha, kama anavyoitwa mke wa mwana: "Mukazana, washa moto."