Kifuniko Kilichobanduka

Bi Mardhiya hakupika kabla ya kulipapasa tumbo la sufuria. Kiganja chake kilizunguka ndani taratibu, kama anayemgusa mtoto kujua iwapo homa imeshuka. Wageni wa nyumba ile ya kulala wageni, mjini Lamu, walidhani ni dua. Nerea, aliyetoka bara kuja kuwa msaidizi wake jikoni, ndiye pekee aliyejua: bibi haoni ila vivuli. Na Bwana Jeilani, mwenye nyumba, akijua, kazi imekwisha.

Kwa hiyo Nerea alichagua mchele, akatambua mikebe ya viungo, akanyamaza.

Kisha Jeilani akaleta sufuria mpya. Ilikuwa ya chuma kizito, imepakwa ndani na nje utando mweupe, laini kama kikombe cha kaure. Akaeleza masharti: mwiko wa mbao tu, isisuguliwe kwa mchanga wala waya, isitiwe maji baridi ingali moto.

"Hii ni sufuria au bi arusi?" Bi Mardhiya akauliza. "Na udi tuifukizie?"

Jeilani alicheka. "Na usipalie makaa juu ya kifuniko, Bi. Utando utapasuka."

Hapo bibi hakutania tena. Kwake, wali usiopaliwa makaa ulikuwa uji. Alivumilia kwa muda. Wageni wakala, wakasifu. Yeye alionja, akaisukuma sahani.

Ijumaa moja walikuja jamaa zake Jeilani, watu wa Lamu wanaoujua wali. Bi Mardhiya akapalia. Wali ulipokauka aliyaondoa makaa, akapangusa jivu kwa kitambaa kibichi. Pakalia tak. Akadhani ni kaa, akapakua, sinia likapelekwa ukumbini.

Nerea alipokishika kifuniko akioshe, alisimama.

"Mbona kimya?"

"Kimebanduka, Mama. Upande wa ndani."

"Na kipande?"

"Sikioni." Wali mweupe, kipande cheupe, kikali kama kigae cha chupa. "Acha niende. Nitasema nimekosea mimi."

"Wewe mwenye mato mazima? Nani atakuamini?"

Akatangulia, mkono ukutani. "Musile!" akapaza sauti mlangoni. Lakini Nabhan, mpwa wake Jeilani, mtoto mdogo, alikuwa ameshameza tonge. Bi Mardhiya akapiga magoti mbele ya sinia, akautia mkono katika wali wa moto, akapapasa, akapapasa, uso ameuelekeza dirishani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Jeilani aliinama, akamshika mkono.

"Tangu lini, Bi?"

Bi Mardhiya aliendelea kutafuta kwa mkono wa pili.

Siku zile zile alipelekwa kwa dada yake, kijijini Mbwajumali. Jeilani mwenyewe alimbebea mzigo wake, na alikuwa analia. Ijumaa ile Nerea aliumwaga wali wote juu ya mkeka, akauchambua hadi ukakauka. Hakuona kitu. Nabhan hakuumwa, anacheza, anakua. Sufuria ingali jikoni, imefunikwa kwa sahani ya bati, na Nerea siku hizi huipapasa kabla ya kupika, ingawa macho yake ni mazima.

Simu ya mwisho kutoka Mbwajumali ilikuja siku chache kabla ya mazishi ya Bi Mardhiya. Nerea alimweleza kwamba mtoto ni mzima, ameanza shule.

"Nerea, mwanangu," Bi Mardhiya akasema, "kile kipande mulikiona?"