Panga Nililolikataa Msaragamboni

Niliona kwa macho yangu panga likiruka lenyewe hewani. Shemeji yangu Abundio alibaki ameshika mpini mtupu, mdomo wazi.

Ngoja niwape mkanda mzima.

Kwetu huku milimani Oaxaca, msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, si ombi. Kila nyumba hupewa kipande cha njia ikifyeke. Jua likizama hujamaliza, mkutano wa kijiji unakunyang'anya shamba.

Mume wangu Isauro alipofariki aliniachia mibuni. Abundio, mdogo wake, alianza kuimezea mate matanga hayajaisha.

Siku ya msaragambo nikapangiwa korongoni, kwenye miiba na mimea inayotambaa, imeshikana hadi ardhi huioni. Aliyegawa vipande nani? Abundio.

Halafu akaja anachekacheka na mapanga mawili mapya, marefu, mipini imevingirishwa ngozi. Yanafanana kama mapacha.

"Shemeji Hermelinda, zawadi hiyo. Hili lako, hili langu."

Nikalipima mkononi. Jepesi, zuri kwa nyasi za tambarare. Lakini korongoni hata mkono huunyooshi, panga refu utalirusha wapi?

"Asante. Nina langu." Nikamrudishia.

Nikachomoa la marehemu mama: fupi, zito, ncha imejikunja kama mdomo wa kasuku. Wanaume wakaangua kicheko.

"Mama, hilo si la kuchanjia kuni jikoni?"

"Chekeni tu," nikawaambia. "Jioni msije kuniazima."

Abundio akang'ang'ania. "Chukua bwana, usinitie aibu mbele za watu!"

"Kwani unafyeka wewe au nafyeka mimi?"

Akasonya, akayabwaga yote mawili chini. Kazi ilipoanza akaokota moja, akaenda nalo.

Nikazama korongoni. Ncha inavuta mmea, uzito unakata. Vuta, kata. Miiba ilinichana mikono ikavuja damu. Nilikuwa na hasira, nikasema leo nitafia hapa lakini mibuni haitoki.

Jua likiwa bado juu ya mlima, nikatokea upande wa pili.

Abundio, kwenye nyasi zake laini, hajamaliza. Kuniona tu akapandwa na mori, akapiga kisiki kwa nguvu zote.

Panga likachomoka, likapita juu ya kofia ya mwenyekiti, Mzee Fidencio, likajikita mtini.

Ngozi ya mpini ilikuwa imefunguka. Ribiti, ile misumari inayoshikilia panga kwenye mpini, zote zilikuwa zimeng'olewa.

Abundio akaropoka: "Lakini bovu lilikuwa la Hermelinda!"



Mzee Fidencio akavua kofia, akaikagua. "Hebu rudia, kijana. Lilikuwa la nani?"

Mkutano ulikaa jioni ileile. Mibuni ikabaki yangu, na korongo akapewa Abundio, kila mwaka. Msimu uliofuata alikuja kuniazima panga la mama. Nikamnyima, na sijutii.

Ndugu zangu, ukichagua panga achana na urefu na mng'aro, tazama unakwenda kukata nini. Na anayetaka uanguke akikuletea zawadi, mwachie aitumie mwenyewe.