Kinyungu cha Mama na Samaki wa Naivasha

Mimi nilifika Kenya kabla wengi wenu hamjazaliwa, ila sikwenda kutembea. Nilikwenda kushika watoto wa Mzungu wakati yeye anavua samaki. Nasema mapema, mtu asije akanionea wivu.

Mama yangu alikuwa na kinyungu bondeni, ndani ya eneo ambalo Mzungu yule wa karibu na Iringa alisema ni shamba lake. Asiyejua kinyungu ajue: ni bustani ya bondeni, pale ardhi inapobaki na unyevu kiangazi chote. Kilimani kumekauka mpaka panzi wanahama, mama bado anavuna mahindi mabichi, maharage na maboga. Baba alishakufa. Kinyungu kile ndicho kilitulisha mpaka mvua zirudi, na mama alikipata kwa mama yake, kabla Mzungu hajaijua njia ya kwetu.

Mwaka ule Bwana akachomeka vijiti bondeni. Anataka bwawa, akasema. Kijiti kimoja kilisimama katikati ya matuta ya mama. Mama hakupiga kelele. Alichagua kuku jike mweupe, akamfunga miguu, akamweka kwenye ungo pamoja na unga wa ulezi, akaenda mpaka barazani kwa Bwana, akapiga magoti. Mimi nilikuwa yaya pale, nikawa mkalimani.

"Mwambie naomba kinyungu changu kibaki. Bonde ni refu, bwawa aliweke kule chini."

Nikasema. Bwana akampokea kuku, akacheka. "Asante sana, mama. Mzuri sana."

Jumapili kuku akaliwa na viazi. Nilimwona Bwana kwa macho yangu anafyonza paja. Nikamkimbilia mama.

"Amemla?"

"Amemla."

"Na mifupa?"

"Kampa mbwa."

"Basi, mwanangu. Neno limekaa."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Ukimpelekea mwenye ardhi kuku na ombi, kama hataki anamrudisha akiwa hai, siku ile ile. Akimla, amekubali, na watoto wake wamekubali. Hakuna mtu mwenye akili anayekula kuku wa ombi halafu akakataa ombi.

Ndiyo maana safari ya Kenya ilipofika, nilipanda gari moyo umetulia. Memsabu, mkewe, mbele na Bwana, mimi nyuma na watoto wawili, fimbo za kuvulia, na mapipa mawili matupu. Dodoma tulikula vumbi, Arusha tulikula baridi. Kenya kulikuwa na vita vya msituni, kwa hiyo kila kizuizi askari anataka kipande changu cha kunitambulisha, na Bwana anajibu kana kwamba mimi ni mbuzi wake.

Naivasha ni ziwa zuri, sitasema uongo. Kando yake ilikuwa nyumba ya wageni ya Wazungu, majani yamekatwa chini kama nywele za mtoto wa shule. Hapo walikuwa wakizungumza habari moja tu, asubuhi mpaka usiku: samaki wanayemwita besi. Ni samaki mwenye mdomo mkubwa kuliko haja yake, na waliniambia hata yeye mgeni, aliletwa ziwani kutoka Amerika. Bwana akimpata mkubwa, anampima, anapigwa naye picha, halafu anamrudisha majini.

Mpishi wa pale, Mjaluo mtu mzima, alikuwa anatikisa kichwa. "Unaona, dada? Kwetu samaki akirudi majini, mvuvi analala njaa. Hawa wanashangilia!"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sikujua bado.

Siku ya kuondoka, Bwana alijaza mapipa yale maji ya ziwa na vitoto vya besi. Akaniita. "Hii toto ya samaki nakwenda kwa bwawa yangu. Wewe tunza. Kama nakufa, mimi kali sana."

Nikamuuliza, "Bwana, na kinyungu cha mama?"

"Ndiyo, ndiyo," akasema, macho yakiwa kwenye pipa.

Kuku ameliwa, na sasa ndiyo mbili juu yake. Ningetaka nini tena?

Njia nzima nilichota maji kwa kopo na kuyamwaga kutoka juu, chota, mwaga, ili samaki wapate pumzi. Vidole vilivimba. Mtoto mdogo alinitapikia. Kwenye kizuizi kimoja askari alichungulia ndani ya pipa, akamwita mwenzake: "Njoo uone! Samaki wamepanda gari, sisi tunakwenda kwa miguu!"

Samaki wengi walifika hai. Kilichokufa ni kinyungu.

Tulipokuwa safarini, vibarua walikuwa wamepandisha ukuta wa udongo pale pale vijiti viliposema. Nilimkuta mama amesimama ndani ya maji, sketi ameifunga kiunoni, anang'oa maharage ambayo hayajakomaa. Hakunisalimu. Akasema, "Twende kwake."

Barazani hakupiga magoti. "Mwambie kuku wangu alimla."

Nikamwambia. Bwana akatazamana na Memsabu, wakaongea kwao, wakacheka kidogo, cheko la watu wema. Akaenda bandani, akarudi na kuku wa kizungu, mkubwa, mnene. "Mama, kuku yako ilikuwa dogo. Hii kubwa. Sasa sawa?"

Mama hakunyoosha mkono. Wala hakungoja nitafsiri.

"Amenirudishia," akasema kwa Kihehe. "Amekataa. Amekula kwanza, ndipo akakataa."

Akageuka, akashuka ngazi. Mwizi wa mahindi ukimkuta shambani hukimbia. Huyu alisimama na kuku wake, anatupungia mkono.

Jioni nilitumwa kusaidia kumwaga samaki. Niliinamisha pipa pale pale kwenye matuta ya mama. Maji yalikuwa bado safi, na chini yake majani ya maboga yalikuwa mabichi kabisa. Vitoto vya besi vikapita katikati yake kama vimezaliwa hapo. Sioni aibu. Aibu ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ukingoni anapiga makofi.

Niliacha kazi. Kiangazi kile tulikula ugali na chumvi, na mama akajifunza kulima kilimani akiwa mtu mzima, kwenye mawe, mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

Mzungu alishaondoka zamani. Samaki wamebaki. Wajukuu zangu wanakwenda kuvua Jumamosi, wanarudi wamewatunga kwenye kamba, wanachekelea.

"Bibi, samaki huyu mtamu! Ana kosa gani?"

"Kosa hana," nawaambia. "Mpikeni nje. Na sufuria yangu msiiguse."